UZI: Daniel Igali, kutoka kijiji cha Eniwari hadi dhahabu ya Sydney, na swali langu kwa watu wa Dodoma

Mtoto wa Chamwino (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu. Wasio Wagogo, habari za kutwa.

Naleta uzi wa mchezo ambao humu jukwaani unapita mwaka bila kutajwa: mieleka ya mtindo huru. Tuelewane mapema. Siongelei ile ya vibanda vya video, ya mikanda mipana na viti vya chuma. Naongelea ya Olimpiki, ambayo ukibandikwa mabega yote mawili chini kazi imekwisha na unampa mwenzio mkono.

Mtu wangu ni Daniel Igali.

Amezaliwa mwaka 1974 katika kijiji cha Eniwari, delta ya mto Niger, kusini mwa Nigeria. Ni Mwijaw. Leo kijiji kipo jimbo la Bayelsa, ingawa yeye alipozaliwa jimbo hilo lilikuwa halijaundwa, limekuja 1996. Nyumba yao ilikuwa na watoto 21. Kwa Waijaw mieleka ni kama ngoma kwetu huku Ugogoni: mtoto anaikuta, anaingia, na kijiji kizima kinajua nani anaiweza. Alipokuja kukutana na makocha na vyeti, mwili wake ulikuwa umeshajifunza mambo mengi.

Agosti 1994, akiwa na miaka 20, alikwenda Victoria, Kanada, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akiwa nahodha wa timu ya mieleka ya Nigeria. Michezo ikaisha. Wenzake wakapanda ndege, yeye akabaki na kuomba hifadhi. Kumbukeni Nigeria ya wakati ule: uchaguzi wa Juni 1993 umefutwa, Jenerali Sani Abacha yuko madarakani. Novemba 1995 mwandishi na mwanaharakati Ken Saro-Wiwa na wenzake 8 wakanyongwa, na huyo naye alikuwa mtu wa delta.

Sasa mfikirie kijana wa kijijini, hana ndugu, yupo British Columbia kwenye mvua na baridi, hajui kama atakubaliwa kukaa. Alichokuwa nacho ni mieleka. Akaingia Chuo Kikuu cha Simon Fraser, akasomea kriminolojia (elimu ya uhalifu), na kati ya 1997 na 1999 akashinda mapambano 116 mfululizo akiichezea timu ya chuo. Mia moja na kumi na sita. Mchezo huu una dakika chache tu, mguu mmoja ukiteleza umepigwa. Kushinda mara 116 bila hata siku moja mbaya ni jambo ambalo nikilitafakari nashindwa kukaa kimya, ndiyo maana nimeandika.

Huko alipata mama wa pili, Maureen Matheny, mwanamke wa Kanada aliyemchukua kama mwanawe. Mama huyu alifariki kwa saratani kabla ya Sydney, hakuiona ile siku.

1998 akapata uraia. 1999 mjini Ankara akawa bingwa wa dunia kilo 69, mwanaume wa kwanza wa Kanada kufanya hivyo katika mtindo huru. Kisha Sydney 2000. Nusu fainali akampiga Lincoln McIlravy wa Marekani. Fainali akakutana na Arsen Gitinov wa Urusi, na kwenye mchezo huu ukikutana na Mrusi fainali ujue unakutana na nchi ambayo ina shule ya mieleka kila kona. Ikaisha 7-4. Akachukua bendera ya Kanada, akaitandaza katikati ya mkeka kwa uangalifu kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, akaizunguka mbio akirukaruka, akapiga magoti, akaibusu. Hakuna Mkanada aliyewahi kupata dhahabu ya Olimpiki ya mieleka kabla yake.

Baada ya Sydney madaraja ya uzito yakabadilishwa, kilo 69 ikafutwa. Ilibidi achague kushuka 66 au kupanda 74. Akapanda. Manchester 2002 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Athens 2004 akamaliza wa sita, huku watu wa 74 wakiwa wakubwa kuliko yeye kwa asili.

Wengi hadithi zao zinaishia hapo. Yake ikarudi kijijini. Alijenga shule Eniwari ikapewa jina la Maureen Matheny. Mwaka 2006 akiwa Nigeria alivamiwa na majambazi, akachomwa visu, akapona. Mtu mwingine angesema basi. Yeye akarudi tena, akawa mbunge wa Bunge la Jimbo la Bayelsa, akawa kamishna wa michezo wa jimbo, na akapewa kuongoza shirikisho la mieleka la Nigeria. Akiwa kwenye kiti hicho, Nigeria ikapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwenye mieleka, Tokyo, kupitia binti wa Bayelsa hiyohiyo.

Swali langu kwa watu wa Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa: sisi tumekosa nini? Watoto wanaopigana mieleka machungani tunao, tena tangu enzi. Makorongo ya mchanga tunayo kuanzia Mpwapwa mpaka Bahi. Naamini tunachokosa ni mtu wa kuwaambia watoto hao kanuni, akawapanga kwa kilo. Wanaojua mchezo huu, na wasioujua, karibuni.

Nawasilisha.

---

Boda wa Nkuhungu

Mkuu nimesoma mstari kwa mstari nikiwa kijiweni nasubiri abiria. Nimeelewa historia ila sijaelewa mchezo. Hiyo 7-4 inahesabiwaje? Kwa mfano nikimpiga mtu ngwala akaanguka, napata ngapi?

---

Mtoto wa Chamwino

Swali zuri, Boda.

Kanuni za sasa: raundi 2 za dakika 3, katikati mnapumzika sekunde 30. Mnacheza ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 9. Ukimpiga ngwala akaenda chini nawe ukabaki juu umemtawala, pointi 2. Akiwa chini ukamgeuza mgongo ukaelekea kwenye mkeka, 2 nyingine. Ukimbeba ukamrusha juu kwa juu, 4 au hata 5. Akikanyaga nje ya duara, unapewa 1. Ukimwacha kwa pointi 10 mwamuzi anamaliza. Na wakati wowote, hata kama unaongozwa 9-0, ukimbandika mabega yote mawili umeshinda. Hapo ndipo utamu ulipo, maana hakuna pambano lililokwisha kabla ya kipenga.

Wakati wa Igali kumwangusha mtu kulikuwa na pointi 1 tu, imepandishwa kuwa 2 mwaka 2013. Kwa hiyo 7-4 ya fainali ile ina matendo mengi kuliko 7-4 ya leo. Watu wawili walikuwa wanashambuliana kweli.

Ngwala ipo na inatumika, lakini silaha kubwa ya mtindo huru ni kukamata mguu. Nieleze kidogo maana wengi tunakosea. Usiiname kichwa, unashusha makalio. Goti lako la mbele linaingia ndani, karibu na miguu yake. Kichwa chako kinabana kwenye mbavu zake, upande wa ndani, na uso unatazama juu. Mikono yote miwili inafungwa nyuma ya goti lake. Ukishafika hapo hulazimiki kuwa na nguvu kuliko yeye. Unatembea tu, unamzungusha, naye anarukaruka kwa mguu mmoja akitafuta pa kushika mpaka makalio yanagonga chini. Mtu wa kilo 60 mwenye mbinu hii atamsumbua sana jamaa wa kilo 75 asiye nayo.

Kabali ya kumkaba mtu koo hairuhusiwi kabisa. Kupinda vidole, kuvuta nywele, kupiga ngumi, vyote marufuku.

---

Mzalendo Kwanza

Hongera kwa uzi, ila mimi nitasema linalonikera. Huyu bwana alitumwa na nchi yake, akiwa nahodha, akaitelekeza. Medali ya Sydney imehesabiwa Kanada. Wimbo uliopigwa ni wa Kanada. Halafu leo tunawaambia watoto wa Dodoma wamwige? Tutakuwa tunafuga wanamichezo wa kwenda kubeba bendera za watu. Naomba jibu la maana, sibezi.

---

Mtoto wa Chamwino

Mzalendo, hoja yako ina uzito na sitaikwepa.

Kwanza, hakuondoka kwenye nchi iliyotulia. Nimeshataja Abacha. Mtu wa delta mwaka 1994 alikuwa na sababu za kuogopa ambazo mimi na wewe tuliolelewa Tanzania hatujawahi kuzibeba.

Pili, pima maisha yote. Angeweza kubaki Kanada akazeeka kwa heshima. Mwaka 2000 walimpa tuzo ya mwanamichezo bora wa nchi nzima. Lakini amerudi Bayelsa, amejenga shule, amechomwa visu, amekaa kwenye vikao vya shirikisho kutafuta nauli za wachezaji. Mimi naona ameilipa Nigeria kwa namna ambayo medali moja isingeweza.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma: anayebadili bendera mara nyingi kabanwa. Paris 2024, fainali ya kilo 130 ya mtindo wa Greco-Roman, ule ambao huruhusiwi kushika chini ya kiuno, walikuwapo Wacuba wawili. Mijaín López wa Cuba, akitafuta dhahabu ya tano mfululizo. Mbele yake Yasmani Acosta, Mcuba aliyekaa kwenye kivuli cha López miaka yote kisha akahamia Chile. López alishinda, akavua viatu akaviacha katikati ya mkeka, ndiyo ishara yao ya kustaafu. Acosta akaipa Chile fedha. Kama Cuba ingekuwa na nafasi mbili, asingeondoka. Ukitaka watoto wasiondoke, wape pa kuchezea.

---

Msingida Halisi

Kwenye hili la "pa kuchezea" naomba niongeze. Alphonce Simbu ni wa kwetu Singida. Septemba 2025 Tokyo alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakaandikiwa muda uleule, 2:09:48, akashinda kwa kifua tu mita za mwisho. Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Na hakubadili bendera. Lakini alikuwa na jeshi nyuma yake, alikuwa na wenzake wa kukimbia nao, alikuwa na njia waliyoifungua kina Filbert Bayi na Nyambui tangu miaka ya 70. Mtoto wa Ikungi akitaka kukimbia leo anajua amwone nani. Akitaka mieleka amwone nani? Ndiyo swali la mleta uzi, na mimi sina jibu.

---

Mama wa Kisasa

Habari zenu. Mimi ni mama, nimeletewa uzi huu na mdogo wangu. Binti yangu yuko darasa la sita, ana mwili na ana nguvu, shuleni ameitwa na mwalimu mara kadhaa kwa kuwapiga mweleka wavulana. Kila mtu ananiambia nimkanye. Huyo binti wa Bayelsa uliyemtaja, ni nani? Na je, kweli mwanamke anacheza mchezo huu mpaka Olimpiki, au ni maonyesho?

---

Mtoto wa Chamwino

Shikamoo mama. Anacheza, na si maonyesho. Mieleka ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 2004 Athens, na ni mtindo huru peke yake, kanuni zilezile, dakika zilezile.

Binti huyo ni Blessing Oborududu, amezaliwa 1989. Amekuwa bingwa wa Afrika mara nyingi. Alikwenda Rio 2016 akarudi mikono mitupu. Gold Coast 2018 akapata dhahabu ya Jumuiya ya Madola, kilo 68. Halafu Tokyo, ile Olimpiki iliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wengi wameshaacha. Nakusimulia pambano kwa pambano kwa sababu linastahili: alianza na Elis Manolova wa Azerbaijan, 13-2. Robo fainali, Meerim Zhumanazarova wa Kirigizistani, hapo kidogo roho itoke, 3-2. Nusu fainali, Battsetseg Soronzonbold wa Mongolia, mwanamke aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, akampiga 7-2.

Fainali ilikuwa Agosti 3 dhidi ya Tamyra Mensah-Stock wa Marekani. Akapoteza 4-1. Mensah-Stock baba yake alikuwa Mghana, na siku ile akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata dhahabu ya mieleka. Kwa hiyo fainali ya kilo 68 ilikuwa ya mabinti wawili wenye damu ya Afrika Magharibi. Na mwaka uliofuata Birmingham, Oborududu akachukua tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola.

Mama, usimkanye. Mwambie tu asimwangushe mtu kwenye sakafu ya saruji wala kwenye changarawe, na asimwangushe asiyekubali kucheza. Hayo mawili akiyashika, nguvu zake hazina tatizo lolote.

---

Mama wa Kisasa

Marahaba mwanangu. Nimemsomea kwa sauti hiyo sehemu ya Tokyo. Ameomba nirudie ile ya 3-2.

---

Nesi wa Miyuji

Nimekaa kimya nikisoma, sasa naingia kwa sababu hakuna aliyegusa jambo linaloua kwenye mchezo huu. Mizani.

Kwa kuwa watu wanapangwa kwa kilo, kila mtu anataka kushuka ili akutane na wadogo. Wanaacha kunywa maji, wanavaa makoti ya plastiki wakakimbia juani, wanakaa kwenye vyumba vya joto, wengine wanatumia dawa za kuharisha. Mwishoni mwa 1997 vijana 3 wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakijikausha hivyo ili wafikie kilo. Mwili ukikaushwa damu inakuwa nzito, joto linapanda, figo zinashindwa, moyo unasimama. Na Dodoma hii, kijana akikimbia na koti la plastiki mchana wa Oktoba, sihitaji kuwaeleza.

Paris 2024 mlimwona Vinesh Phogat wa India. Siku ya kwanza ameshinda mapambano matatu, kamtoa hata Yui Susaki wa Japani, bingwa mtetezi. Siku ya pili asubuhi, siku ya fainali, kapanda kwenye mizani kazidi gramu 100. Usiku kucha walikuwa wamemkimbiza na kumkausha, hata nywele walimkata. Akaondolewa, hakupata hata shaba. Tangu 2018 wanapima asubuhi ya kila siku ya mashindano, na lengo ni jema, kuzuia watu wasijikaushe halafu wakajaza maji usiku.

Kwa hiyo mkianzisha jambo lolote la watoto hapa, naomba sana: mtoto acheze kwa kilo alizoamka nazo. Ale ugali wake na mlenda, anywe maji, apande mizani. Asiyetosha daraja hili acheze la juu, kama huyo Igali wenu alivyopanda 74.

---

Mtoto wa Chamwino

Nesi, Mungu akubariki. Hili nililiacha na lilipaswa kuwa juu kabisa.

---

Mwalimu wa Bahi

Wakuu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi tarafa moja huku Bahi. Naomba niseme ninachokiona, maana mleta uzi ametaja makorongo.

Baada ya mvua kukata, kuanzia Mei, korongo letu linabaki mchanga mtupu, mweupe, wa kuzama mpaka kifundo cha mguu. Jumamosi jioni wachungaji wadogo wanashusha ng'ombe kwenye visima vya mchangani. Ng'ombe wakinywa, watoto wanatupa fimbo pembeni na kuanza. Wana utaratibu wao: wanashikana viuno kabla, mkubwa wao anasema "haya", na anayegusa mchanga kwa mgongo anatoka, anaingia mwingine. Kuna kijana mmoja mwembamba, la nne, hana nguvu za ajabu. Lakini nimemwangalia: mwenzake akimsukuma, yeye hasukumi. Anarudi nyuma hatua moja, anageuza kiuno, na yule aliyesukuma anapita juu ya paja lake anatua chali. Kila mara. Hakuna aliyemfundisha. Nilipomuuliza anafanyaje akaniambia, "Namwachia aje, mwalimu."

Nikisoma habari za Igali kuanza kijijini namfikiria huyo. Shida ni kwamba kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nimepeleka watoto wa mpira, netiboli, riadha, na hakuna siku nimeulizwa kama nina mtoto wa mieleka. Mkeka wa sponji sijawahi hata kuugusa. Nikiomba nitaonekana nimechanganyikiwa, darasa lenyewe halina madawati ya kutosha.

---

Mzalendo Kwanza

Mwalimu umenigusa. Lakini tuseme ukweli, hata mkiwafundisha, wanakwenda wapi? Michezo ya Madola ya Glasgow 2026 wamepunguza michezo, mieleka wameitoa. Na 2013 kamati ya Olimpiki ilishataka kuitoa kabisa. Tunawapa watoto matumaini ya mchezo unaofungiwa milango.

---

Mtoto wa Chamwino

Glasgow ni kweli, imetolewa, na ni pigo kwa nchi kama zetu kwa sababu huko Igali na Oborududu walichukua dhahabu pia. Ya 2013 pia ni kweli, ilikuwa Februari. Ila malizia: Septemba mwaka huohuo, kikao cha Buenos Aires, mieleka ikapigiwa kura ikarudi. Kabla ya kura hiyo walikuwa wamebadili kanuni za pointi kama nilivyomweleza Boda, ili watazamaji waelewe. Iran, Marekani na Urusi, nchi ambazo hazikai meza moja kwa lolote, zilikaa upande mmoja kuutetea mchezo huu. Haufi leo wala kesho.

Sasa Mwalimu, nisikilize vizuri maana hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Shirikisho la dunia lina mieleka ya mchangani, rasmi, ina mashindano yake na mabingwa wake. Hakuna mkeka. Ni duara la mchanga. Pambano ni dakika 3, mnaanza wima na mnashindana wima, mtu akienda chini mnanyanyuka na kuanza upya. Anayefikisha pointi 3 kwanza kashinda. Ukimgusisha goti mchanga au ukimtoa nje ya duara ni pointi 1, ukimtupa akatua chali unapewa 3 kwa mpigo. Na mchezo huo umewekwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kufanyika Afrika, kwa Wasenegali ambao mieleka ya mchangani ndiyo damu yao.

Yule mtoto wa la nne anayesema "namwachia aje" anacheza mchezo huo tayari. Kila akimtua mtu chali ni pointi 3, pambano limekwisha. Korongo unalo, huhitaji kuomba mkeka kwa yeyote. Unahitaji kamba ya kuchora duara, saa, filimbi na mizani.

---

Boda wa Nkuhungu

Mizani ya kupimia mahindi ipo, mjomba wangu ana ya kuning'iniza pale Kibaigwa, ila mtoto ataning'iniaje? Natania tu, ila nipo siriasi kusaidia. Ya kusimama juu yake nitaiulizia duka la dawa.

---

Nesi wa Miyuji

Ya kusimama ninayo mimi, ya kliniki ya zamani, inasoma vizuri. Nitaitoa.

Mwalimu, kabla hujaanza: pita kwenye huo mchanga na reki. Miiba ya migunga inashuka na maji na kujificha chini, na siku hizi kuna vipande vya chupa. Kwa kuwa ng'ombe wanapita hapo, chagua sehemu ya juu ya visima, si ya chini. Mtoto mwenye mapunye au vidonda vya ngozi asiguse wenzake mpaka apone, maana kwenye mchezo huu ngozi inasugua ngozi na yanaenea kwa wiki moja. Kucha zikatwe. Sikio likivimba baada ya kugongwa msilipuuze, damu inaganda ndani na sikio linakunjamana maisha yote, aletwe hospitali siku hiyohiyo. Na anayetua kwa kichwa akalalamika shingo, msimnyanyue. Asubiri alipo.

---

Mwalimu wa Bahi

Nimenakili yote kwenye daftari. Nitawapanga kwa makundi ya kilo 5, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Nitaongea na mwalimu mkuu na wazazi kwanza, hasa wazazi wa wachungaji, maana hakuna atakayekubali ng'ombe wapotee kwa sababu ya filimbi yangu. Kwa hiyo itakuwa saa ileile ya kunywesha maji, Jumamosi. Mvua za Desemba zikianza tunasimama, korongo likija na maji halina breki.

Mtoto wa Chamwino, swali la mwisho: wakianguka wote wawili kwa pamoja, nampa nani?

---

Mtoto wa Chamwino

Mpe aliyeanzisha tendo, kama yeye ndiye aliyembeba mwenzake mpaka chini. Kama hukuona vizuri nani alianzisha, usikisie. Wainue, wafute mchanga, waanze upya katikati. Watoto wanavumilia kurudia, hawavumilii kuonewa.

Na huyo wa la nne mpe mtu anayemzidi kilo chache kwenye mazoezi, si kwenye mashindano. Atahitaji mtu wa kumsukuma kweli.

---

Mama wa Kisasa

Mwalimu, kutoka Kisasa kuja huko kwenu Jumamosi tunapanda gari la saa ngapi?